Somo la Robo Hii: Pumzi Wakati wa Kazi



Somo la robo hii limetokana na swali tulilorudi nalo kutoka delta ya Rufiji. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, tulipanda boti Nyamisati kwenda kuangalia hali ya kaya zilizopoteza mpunga na akiba ya chakula. Katika kijiji kimoja tulimkuta mvuvi wa makamo ambaye, maji yalipoingia ndani, hakuweza kujibebea hata mkeka wake. Vijana wa jirani ndio waliompandisha mtumbwini. Mzee huyu alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu miaka kadhaa nyuma, na kadi yake ilionyesha kuwa amepona. Alituuliza kwa upole: kama amepona, mbona pumzi haikurudi?

Katika kijiji hicho hicho tulimkuta mama mmoja aliyetumia maisha yake kukausha samaki kwa moshi. Yeye alihema hata akiwa ameketi. Kamati ya eneo hilo ilituomba tununue mashine ya oksijeni itakayotumiwa na wote wawili. Tunakiri kwamba wengi wetu tulikubali moyoni kabla ya kuuliza lolote. Mashine huonekana, hupigwa picha, na mfadhili huielewa mara moja. Hata hivyo, tulipokaa na wataalamu tuligundua kuwa wagonjwa hawa wawili walihitaji misaada miwili tofauti, na kwamba mashine iliyoombwa isingemfaa hata mmoja wao pale kijijini.

Lengo la somo

Baada ya somo hili kamati iweze kueleza kwa nini mwenye ugonjwa sugu wa mapafu huishiwa pumzi anapofanya kazi, kumsaidia kwa njia zisizohitaji umeme, na kumtambua yule anayehitaji mashine kweli ili asicheleweshwe.

1. Ugonjwa wenyewe na chanzo chake

Tunaposema magonjwa sugu ya mapafu tunamaanisha hasa hali tatu. Ya kwanza ni njia za hewa kusinyaa na kuziba kidogo kidogo kwa sababu ya moshi wa miaka mingi. Ya pili ni makovu yanayobaki baada ya kifua kikuu. Ya tatu ni pumu ya muda mrefu isiyotibiwa vizuri. Mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya hali moja.

Hapa ndipo lilipo jibu la mvuvi wetu. Dawa za kifua kikuu huua vijidudu, na kadi yake ilisema kweli: hawezi kumwambukiza mtu. Lakini dawa hazifuti makovu. Sehemu ya pafu iliyoharibika hubaki hivyo, na iliyo nzima hufanya kazi ya mbili.

Wengi hudhani ugonjwa wa njia za hewa ni wa wavuta sigara wa mjini. Sivyo. Utafiti uliofanyika Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 16.2 ya watu wazima waliopimwa wana ugonjwa huo, na moshi wa kuni ulikuwa umeenea karibu kila nyumba. Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa Dumila, wilayani Kilosa, uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta nao asilimia 17.5 ya waliopimwa wenye umri wa miaka 35 na zaidi. Ni zaidi ya mtu mmoja kati ya kila sita. Katika delta kuna kuni za mikoko jikoni, moshi wa kukaushia samaki, na sigara baharini. Hatuna sababu ya kudhani kuwa tumenusurika.

2. Kwa nini pumzi hukatika kazini

Mtu mwenye afya anapokaza mwendo huvuta hewa nyingi na kuitoa yote. Mwenye njia za hewa zilizosinyaa huweza kuvuta, ila kutoa ndiko kunakomshinda. Kabla hewa ya kwanza haijatoka yote, mwili unadai ya pili. Hewa kuukuu hunasa ndani, kifua hujaa kama gunia lililoshindiliwa, na nafasi ya hewa mpya hupungua. Ndiyo maana mgonjwa husema anashindwa kuvuta hewa, kumbe tatizo limeanzia kwenye kutoa.

Sasa tuangalie miguu. Anayeogopa kuhema huacha kutembea. Asipotembea, misuli ya miguu hupungua. Misuli dhaifu huchoka upesi na kuzalisha asidi mapema, na asidi hiyo huulazimisha mwili kuhema zaidi. Hivyo basi hatua zile zile ambazo mwaka jana hazikumsumbua, mwaka huu zinamkata pumzi, ingawa pafu lenyewe huenda halijabadilika sana. Naye huongeza kuketi.

Ni dhahiri kuwa huruma yetu inaweza kuharakisha mzunguko huu. Tunamwambia mgonjwa apumzike, tunamchotea maji, tunamletea chakula kitandani. Tunafanya hivyo kwa upendo, na kila wiki anazidi kudhoofika. Mazoezi hayaliponyi pafu, ila huimarisha misuli ili idai hewa kidogo kwa kazi ile ile. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya tafiti 65 kutoka nchi mbalimbali zilizohusisha watu 3,822 wenye ugonjwa wa njia za hewa. Waliopewa mazoezi ya mpangilio walipungukiwa na kuhema, walitembea mbali zaidi, na waliyaona maisha yao kuwa afadhali kuliko wale waliopata huduma ya kawaida tu.

Mfano wa karibu zaidi na mvuvi wetu uko Kampala. Katika Hospitali ya Mulago, watu waliobaki na mapafu yenye makovu baada ya kifua kikuu walifanyishwa mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo, na maumivu ya kifua yalipungua.

3. Misaada ya pumzi isiyohitaji umeme

Kabla ya kuanza, mgonjwa aonwe na mganga kwenye zahanati au kituo cha afya. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kwanza, hata kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu. Huduma hiyo hutolewa bila malipo. Baada ya hapo afundishwe yafuatayo, akiwa ameketi kwanza, kisha akitembea.

(a) *Kutoa hewa kwa midomo iliyobanwa.* Avute hewa kwa pua akihesabu mbili, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza kaa la moto bila kurusha majivu, akihesabu nne. Asilazimishe. Kubana midomo hubakiza mgandamizo kidogo ndani ya njia za hewa zisijifunge mapema, na hewa iliyonasa hupata muda wa kutoka. Hii ndiyo mashine ya kwanza, na kila mtu amezaliwa nayo.

(b) *Kutoa hewa wakati wa nguvu.* Anapoinua ndoo, anaposimama kutoka kwenye mkeka au anapovuta kasia, hewa itoke wakati huo huo. Wengi hubana pumzi wanapotumia nguvu, na hapo ndipo huzidiwa.

(c) *Kuinama na kuegemea.* Akizidiwa asilale chali. Aketi, ainame mbele na kuweka viwiko juu ya mapaja. Akiwa njiani aegemee fimbo, ukuta au mti. Mikono ikiegemea, misuli ya mabega husaidia kupanua kifua.

(d) *Kipepeo.* Upepo unaopita usoni, hasa kwenye pua na mdomo wa juu, hupunguza hisia ya kukosa hewa. Jambo hili lilipimwa Uingereza kwa feni ndogo ya mkononi na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kipepeo cha ukili kinachotumika jikoni kwetu nacho huleta upepo, ila apepee mtu mwingine ili mgonjwa asitumie nguvu.

(e) *Dawa ya kuvuta.* Mgonjwa aliyeandikiwa dawa ya kupanua njia za hewa anaweza kuivuta takriban dakika 15 kabla ya mazoezi, kama alivyoelekezwa na mganga. Wengi hupuliza dawa ikaishia ulimini. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa kopo la dawa, iliwafikishia watoto wenye pumu dawa vizuri kama kifaa cha dukani. Mganga aonyeshwe chupa hiyo kabla haijatumika.

4. Mazoezi yenyewe

Chagueni njia iliyo tambarare na ngumu. Tope la delta maji yakipwa humchosha hata kijana, basi lisiwe uwanja wa mgonjwa. Wakati mzuri ni asubuhi au jioni jua likiwa limepungua.

Wiki ya kwanza mgonjwa atembee dakika mbili na kupumzika dakika moja, jumla dakika 10. Aongeze kidogo kila wiki hadi kufikia dakika 20 au 30, siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Baada ya kutembea asimame na kuketi kwenye kiti mara 5 hadi 10, kisha ainue chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji, moja kila mkono.

Kipimo cha nguvu ni maongezi. Aweze kusema sentensi fupi, lakini asiweze kuimba. Tukihesabu kuhema kuanzia 0 hadi 10, alenge 3 au 4. Kuhema kidogo si hatari. Ndiyo kazi yenyewe, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema asije akaogopa. Asimamishwe mara moja na kupelekwa kwa mganga akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo kubadilika rangi, kukohoa damu, au pumzi isiporudi baada ya kupumzika dakika 10.

Aidha, moshi uondolewe. Jiko lihamie penye upepo, kuni zikaushwe vizuri, na mgonjwa asikae kwenye tanuri la samaki. Mazoezi bila kuondoa moshi ni sawa na kumwaga maji nje ya mtumbwi huku tundu halijazibwa.

5. Mashine: ni za nani?

*Oksijeni.* Tafiti mbili kubwa za mwaka 1980 na 1981, moja ya Amerika Kaskazini na nyingine ya Uingereza, zilionyesha kuwa mgonjwa ambaye oksijeni ya damu yake iko chini sana hata akipumzika huishi muda mrefu zaidi akiitumia angalau saa 15 kwa siku. Huyu anahitaji mashine, na kumwambia afanye mazoezi tu ni kumdhulumu.

Lakini si kila anayehema amepungukiwa na oksijeni kiasi hicho. Mwaka 2016 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 738 uliwaangalia wale ambao upungufu wao ni wa wastani, au unaotokea wanapotembea tu. Oksijeni ya muda mrefu haikurefusha maisha yao wala kupunguza kulazwa. Mwaka 2019 watafiti wa Australia waliwafanyisha mazoezi wagonjwa ambao oksijeni yao hushuka wakitembea. Nusu walivuta oksijeni na nusu hewa ya kawaida kutoka mashine ya namna hiyo hiyo, bila kujua ni ipi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kwa kiwango kinacholingana. Kilichosaidia kilikuwa mazoezi.

*Mashine za kusukuma hewa kwa barakoa.* Hizi huipumzisha misuli ya kupumulia wakati mgonjwa anafanya mazoezi, na huenda humwezesha kufanya mazoezi makali zaidi. Tafiti zake ni chache na ndogo, na bado hazijaonyesha wazi kama zinabadilisha maisha ya nyumbani. Zinahitaji mtaalamu kando. Kwa sasa ni za hospitali kubwa, si za kigango.

Tufanye na hesabu. Mashine ya oksijeni ya lita tano hutumia umeme wa takriban wati 350. Kwa saa 15 kila siku ni uniti 5 na zaidi, yaani zaidi ya 150 kwa mwezi. Kijiji chetu hutegemea taa za sola, ambazo haziwezi kuiendesha. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, ukitoa lita mbili kwa dakika, huisha kwa saa 56 hivi, chini ya siku nne kwa mgonjwa wa saa 15, kisha urudi kwa boti kujazwa. Zaidi ya hayo, oksijeni huchochea moto. Ndani ya nyumba ya makuti yenye koroboi na jiko la kuni, msaada huo ungeweza kuiteketeza familia.

6. Yaliyotokea

Tulipopima kwa kifaa cha kidoleni, mvuvi alikuwa na 95 akiwa ameketi, na 91 baada ya kutembea. Alianza mazoezi akisimamiwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kijana mmoja alitembea naye. Walikutana uwanjani baada ya swala ya alasiri, na majirani wengine wawili wenye vifua vibovu wakajiunga, Muislamu na Mkristo. Mwanzoni alisimama mara tano kati ya nyumbani kwake na dikoni. Baada ya wiki nane alisimama mara mbili. Hajarudi kuvua maji makuu na pengine hatarudi. Lakini hushuka mwenyewe kushona nyavu pamoja na wenzake.

Kwa yule mama kifaa kilionyesha 84 akiwa ameketi. Huyu hakuwa wa kuanzishiwa matembezi. Alihitaji hospitali haraka. Hapa ndipo tunapoomba radhi. Tangu ombi la kwanza lifike mezani kwetu hadi apimwe, ilipita miezi mitatu, na miezi yote hiyo tulikuwa tunajadili bei ya mashine. Kumbe kilichohitajika kwanza kilikuwa kifaa kidogo cha kidoleni na nauli ya boti na gari. Alipofikishwa hospitali alikuwa amevimba miguu, dalili kwamba moyo nao umeanza kuelemewa. Sasa anaishi na binti yake Kibiti mjini, penye umeme, na anatumia oksijeni. Kwa bomba refu anafika mlangoni, na anachambua mchele mwenyewe. Tunashukuru, lakini tulimchelewesha.

Kwa hiyo mashine ilinunuliwa, ila kwa mtu aliyepimwa, na iliwekwa mahali inapoweza kufanya kazi.

7. Ushauri kwa kamati na wafadhili

Kabla ya kuomba au kutoa fedha za mashine, fuateni utaratibu huu: pimeni kwanza, wekeni akiba ya nauli ya rufaa, fundisheni mtu mmoja wa kusimamia mazoezi, kisha ndipo mfikirie mashine kwa yule ambaye daktari ameandika kuwa anaihitaji. Mgonjwa mwenye 92 au chini ya hapo akiwa ameketi aonwe na daktari. Kumbukeni kuwa vifaa vya kidoleni vinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi, hivyo namba ya mpakani isiwape usingizi. Wakati wa mazoezi, ikishuka chini ya 88 apumzike.

Kwa taarifa zenu, pimeni kamba ya mita 30, mhesabu mgonjwa anatembea mara ngapi kwenda na kurudi kwa dakika sita, siku ya kwanza na baada ya wiki nane. Ni kipimo rahisi, na kinamweleza mfadhili ukweli kuliko picha ya mashine.

Maswali ya kujadili kikaoni

1. Katika jumuiya zetu ni nani aliyemaliza dawa za kifua kikuu na bado anahema? Nani amemtembelea mwezi huu?
2. Ni kazi gani tunazowanyang'anya wagonjwa wetu kwa huruma, ambazo wangeweza kuzifanya polepole?
3. Usiku wa leo mgonjwa akizidiwa, boti ni ya nani, mafuta yako wapi, na nauli itatoka mfuko gani?
4. Ni kifaa gani tuliwahi kukipokea ambacho sasa kimefunikwa kitambaa? Kilikosa nini?

Tunaomba majibu ya swali la tatu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na jina la mhusika.